Kijito Tunachokiruka

Vijana wa Mbeya wamepata mchezo mpya. Alfajiri ya Jumamosi huwaona wakielekea miteremko ya Mlima Loleza, wamevaa viatu vyenye soli za meno, nao hawaendi kutembea bali kukimbia. Barabara ya lami hawaitaki. Hufuata njia nyembamba zipitazo chini ya miti, huvuka vijito, hupanda na kuteremka, kisha hurejea pale pale walipoanzia. Siku moja nilimsimamisha mmoja wao nikamuuliza mchezo huo unaitwaje. "Shikamoo, mwalimu," akasema huku akihema. "Hizi ni mbio za treili." Mzee mwenzangu niliyekuwa naye akashangaa. Alidhani kijana anasema matrela, yale yateremkayo Kitonga yakinuka breki.

Tulicheka, lakini kicheko kile kiliniachia swali. Inakuwaje watu waliozaliwa juu ya vijia, waliokwenda shule kwa vijia na kuteka maji kwa vijia, wakose jina la kukimbia juu ya vijia?

Wapo watakaosema kwamba jina tunalo: mbio za nyika. Nakubali kuwa istilahi hiyo imekwisha kuzoeleka, na wanariadha wetu wameibeba kwa heshima. Hata hivyo, nyika ni uwanda wa wazi, nchi ya majani na miiba, ambako mkimbiaji huinua macho akamwona aliyemtangulia. Msituni kando ya kijito macho hayana nafasi hiyo. Hushuka chini, yakachagua jiwe la kukanyaga na mzizi wa kukwepa. Ndiyo maana napendekeza tuseme mbio za vijia. Kijia hakikuchongwa na greda. Kimechongwa na nyayo za watu wengi kwa miaka mingi, na kila apitaye hukichonga zaidi. Je, neno nalo halichongwi vivyo hivyo?

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wa kusanifu istilahi, lakini halitusaidii ikiwa sisi wenyewe tumefumba midomo. Neno hutangulia kusemwa, ndipo likasanifiwa. Ushahidi tunao katika mchakamchaka. Sisi tuliosoma zamani tulikimbia mchakamchaka kabla ya jua kuchomoza, kwa safu na kwa nyimbo, na neno lenyewe ni mlio wa miguu juu ya ardhi. Hatukulikopa popote. Lilitoka nyayoni likapanda mdomoni, na hadi leo halijahitaji mkalimani.

Hata hivyo, jina la mchezo ni jambo dogo. Lipo kubwa zaidi, nami nalikumbuka kwa sura ya mwanafunzi mmoja. Miaka mingi iliyopita nilimpa kazi ya kutunga shairi la tarbia kuhusu safari yake ya kila siku kuja shuleni. Aliniletea beti saba zilizotimia vina na mizani. Ndani yake mlikuwa na nahodha, tanga, mawimbi na chombo kilichokwenda mrama. Nilimwita nikamuuliza kama amewahi kuiona bahari. Hajawahi. Nikamuuliza hukutana na nini njiani. Akasema huteremka bondeni, huvuka mto mdogo juu ya gogo, kisha hupanda. "Na gogo hilo linaitwaje?" Akanyamaza kidogo, akajibu, "Ni pale pa kupitia tu, mwalimu."

Gogo lile lina jina. Ni ulalo. Mwanafunzi yule alilijua neno ulalo kutoka somo la hisabati, mstari ukatao umbo kutoka pembe hadi pembe, bali hakujua kwamba kila asubuhi alikuwa akipita juu yake kwa miguu yake mwenyewe.

Simlaumu, maana sisi walimu ndio tuliomfundisha hivyo. Ushairi wa Kiswahili ulilelewa pwani, na pwani ikautajirisha kwa omo na tezi, kusi na kaskazi, maji kujaa na maji kupwa. Urithi huo ni wetu sote, wala sitaki upungue hata neno moja. Lakini jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari hiyo. Mtunzi wa huku asafiriye kwa jahazi katika kila shairi hukiruka kijito kilicho mlangoni pake: hukiruka kwa miguu aendapo shambani, kisha hukiruka kwa kalamu arudipo nyumbani.

Hapo ndipo mbio za vijia zinaponipa matumaini. Mtu anayekimbia msituni hawezi kuishi kwa maneno ya jumla. Akisema tu "njia ni mbaya", mwenzake aliye nyuma ataanguka. Hana budi kusema kama ni utelezi au ni tope, kama mbele kuna kivuko au genge, kama udongo ni mgumu au ni mboji inayodidimia. Waliotuachia methali ya mwenda pole hajikwai walikuwa watu wa vijia. Juu ya lami mtu hujikwaa kwa nadra, na methali hubaki pambo.

Nchi yenyewe imetuandalia darasa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na ambayo sehemu yake imo mkoani Iringa, haitembelewi kwa gari. Huingiwa kwa miguu. Vijia vyake hupita kwenye msitu na vijito, na kimojawapo humfikisha mgeni kwenye maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka mita 170 hivi. Huku kwetu kuna Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Nani kati yetu ameyapanga maua hayo katika ukwapi na utao?

Najua nitapingwa. Nitaambiwa kwamba kukimbia msituni ni anasa ya wenye viatu, na kwamba mama abebaye ndoo kichwani amekipita kijia hicho maisha yake yote bila kukiita mchezo. Ni kweli tupu. Basi mkimbiaji na asimame, aamkie, aulize. Mama huyo ndiye mwenye kamusi. Ndiye aliyetupa vinyungu, neno la nyanda hizi kwa vibustani vya bondeni vilimwavyo wakati wa kiangazi, ambalo sasa husikika hata katika mijadala ya serikali. Lugha za Wahehe, Wanyakyusa, Wasafwa na Wabena zina mengine ya namna hiyo, nayo yanangoja mtu wa kuyauliza.

Wala muda hautungoji. Mto Ruaha Mkuu, unaolishwa na vijito vya milima hii, ulianza kukauka wakati wa kiangazi katika miaka ya 1990, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini sheria hulinda kile ambacho watu wanakiona. Kijito kisicho na jina kinywani mwa vijana hufa bila tanzia. Kikishakauka, ulalo wake huwa kuni, na neno lake hubaki kwenye hisabati peke yake.

Mwanafunzi wangu yule alirudi baada ya wiki moja na shairi jipya. Vina vilikuwa vimeyumba mahali pawili, na ubeti mmoja ulipungua mizani. Lakini kituo chake sijakisahau: "Bahari naisikia, nivukacho ni kijito." Mizani nane huku, nane kule, na katikati yake mtoto wa milimani aliyesimama juu ya ulalo wake.

Kwa hiyo, watunzi wenzangu, nawaomba jambo moja. Jumamosi ijayo shikeni kijia kilicho karibu nanyi, kwa mbio au kwa mwendo wa umri wangu. Mkifika penye maji, msiruke kwanza. Muulizeni mwenyeji panaitwaje, kisha mtunge.