Kabla mchange pesa za GPU, pigeni kwanza hesabu ya stima

KAMA wewe na wenzako mnajaribu kuunda kitu kwa akili unde, huenda mjadala huu umeshawaka kwenye grupu yenu ya WhatsApp. Mmoja anataka mchange mnunue kadi ya kisasa, ile inayotumika kwenye vituo vya data. Mwingine anasema mtafute kadi ya zamani ya kompyuta ya mezani, iliyotumika, pesa zinazobaki mlipe kodi ya nyumba. Nani yuko sahihi?

Swali hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka mitatu iliyopita. Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030. Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa dola bilioni moja unaojumuisha kituo cha data huko Olkaria, kitakachotumia kawi ya mvuke. Nayo Cassava Technologies ilitangaza mapema 2025 kwamba italeta GPU za Nvidia barani, ikianza na Afrika Kusini halafu nchi nyingine, Kenya ikiwemo.

Habari njema. Lakini mteja wako anataka kazi wiki ijayo, na matangazo hayafanyi kazi ya mteja. Ndiyo maana vijana wengi wanafikiria kujinunulia mashine yao wenyewe. Ukikosea hapo, unapoteza akiba ya mwaka mzima.

Tuchukue kadi mbili halisi, zote za Nvidia. Ya kwanza ni L4, kadi ya vituo vya data iliyotoka 2023. Ya pili ni RTX 3090, kadi ya mezani iliyotoka 2020 kwa bei ya dola 1,499. Zote mbili zina memori ya GB 24. Memori ndiyo inayoamua mwanzo kabisa kama modeli yako itaingia au itakataa. Modeli ya vigezo bilioni 8, ikihifadhiwa kwa baiti mbili kwa kila kigezo, inakula GB 16 hivi. Inaingia kwenye zote mbili. Hapo hakuna mshindi.

Sasa angalia kasi ya memori, yaani data kiasi gani kadi inaweza kusoma kwa sekunde moja. L4 inasoma GB 300. Ile 3090 "mzee" inasoma GB 936. Modeli ya lugha inapokujibu, kila neno linailazimu kadi kuzisoma karibu data zote za modeli upya. Kwa hivyo kwa mtu mmoja anayeuliza maswali, kadi ya 2020 inaweza kujibu kwa kasi inayokaribia mara tatu ya ile ya 2023. Usidanganyike na mwaka wa kutengenezwa.

Basi kwa nini kampuni zinanunua L4? Jibu ni stima na nafasi. L4 inakula wati 72 tu ikifanya kazi kwa nguvu zote. 3090 inakula 350. Pia L4 ni ndogo na nyembamba, unaweza kupanga kadhaa ndani ya seva moja. Weka kadi mia moja kwenye jengo moja: za L4 zinataka kilowati 7.2, za 3090 zinataka 35, na bado hujalipia mitambo ya kupoza joto lote hilo. Isitoshe, leseni ya programu za kadi za GeForce, familia ya 3090, hairuhusu zitumike kwenye vituo vya data. Kwa mwenye kituo, uamuzi ni rahisi.

Kwako wewe hesabu ni tofauti. Tuseme kadi inafanya kazi saa 10 kila siku, na yuniti moja ya stima ni Sh30. Kwa mwezi 3090 itakula yuniti 105, sawa na Sh3,150. L4 itakula kama yuniti 22, Sh650 hivi. Tofauti ni Sh2,500 kwa mwezi.

Sasa linganisha na bei ya kununua. Kwa miaka ya karibuni, 3090 iliyotumika imekuwa ikipatikana ng'ambo kwa chini ya dola 1,000. L4 imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 2,000. Kabla ya usafirishaji na ushuru, tofauti hiyo ni kama Sh130,000 au zaidi. Ukiokoa Sh2,500 kila mwezi, utahitaji zaidi ya miaka minne kuirudisha. Na hapo tumeipendelea L4, kwa sababu kazi ambayo 3090 inaimaliza mapema haitaendelea kula stima saa zote 10.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji mtandaoni hawasemi kwa sauti. L4 haina feni. Imeundwa kukaa ndani ya seva yenye feni zinazosukuma hewa kwa nguvu. Ukiiweka kwenye kompyuta ya kawaida hapo Umoja au Kasarani bila kuitafutia njia ya kupoa, itapata joto, itapunguza kasi, kisha inaweza kujizima. Wala haina mahali pa kuchomeka skrini. Mchana ukiwa na kazi ya kuhariri video na usiku unataka kucheza FIFA, hiyo si kadi yako.

Mtego mkubwa zaidi ni kadi kuukuu za vituo vya data. Utaona Tesla P40, ya 2016, nayo ina GB 24, kwa bei inayokufanya uanze kutoa simu ya M-Pesa. Pole pole kidogo. Haina feni, waya wake wa umeme si ule wa kadi za kawaida, na toleo la 13 la CUDA, programu ya Nvidia inayotegemewa na kazi nyingi za akili unde, lililotoka 2025, limeacha kizazi chake. Programu za zamani bado zitaendesha kadi hiyo, lakini mambo mapya yatazidi kukupita. GTX 1080 Ti ya 2017 iko kwenye kundi hilo hilo. Kwa hivyo "kadi ya zamani" isiwe ya zamani kupita kiasi. Anzia familia ya RTX 20 kwenda juu.

3090 nayo ina shida zake. Nvidia inapendekeza pawa saplai ya wati 750, kwa hivyo ile iliyokuja na kompyuta yako ya ofisi haitoshi. Wati 350 ndani ya bedsita ni kama kuwasha hita ndogo. Dawa ipo: unaweza kuiwekea kikomo, tuseme wati 250, na kwa kazi nyingi utapoteza kasi kidogo tu. Stima ikipotea katikati ya kazi, uwe umezoea kuhifadhi kila baada ya muda.

Tena, kadi nyingi za aina hii zilichimba sarafu za kidijitali hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kutumia GPU. Usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi nzito kwa nusu saa huku ukitazama joto lake. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.

Lakini swali la kwanza kabisa ni kama unahitaji kununua chochote. Google Colab hutoa GPU ya T4 bila malipo zikiwepo, na Kaggle hukupa saa kadhaa kila wiki. Ukihitaji nguvu zaidi, kodi kwa saa. Fanya hivyo mwezi mmoja na uandike saa zote ulizotumia. Zikiwa 15 kwa mwezi, endelea kukodi. Zikiwa 200, na mteja analipa, sasa kadi yako mwenyewe inaanza kuwa na maana.

Sababu nyingine ya kumiliki ni siri za watu. Ukiwa unanakili sauti za wagonjwa au faili za wakili, kumbuka Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka masharti kuhusu kupeleka data binafsi nje ya nchi. Kadi iliyo mezani kwako haihamishi data popote.

Ushauri wangu basi ni huu. Kwa vijana wawili au watatu wenye kazi ya kweli na meza moja, kadi ya mezani iliyotumika, yenye memori kubwa, inashinda. Kadi ya kituo cha data iacheni kwa mwenye jengo, mitambo ya kupoza na wateja usiku na mchana. Na tafadhali, usikope kwenye app ya simu ili ununue GPU. Riba haitangoji modeli yako imalize kujifunza.

Hata hivyo, tusiishie kwenye meza zetu. Vituo hivi vikijengwa kwa kawi ya Olkaria, ni haki yetu kuuliza mapema: mwanafunzi wa chuo cha kiufundi au kijana mwenye wazo Kisumu atapata saa ngapi kwenye mashine hizo, na kwa bei gani? Uliza swali hilo mbunge wako au waziri akija kwenu kuzungumzia akili unde. Ukipata jibu lenye nambari, huenda hutalazimika kununua kadi kabisa.