Nani Kasema Krismasi ni ya Watoto?

Kila Desemba ikiingia, kauli ni ile ile. Baba anaitoa Kariakoo akihesabu noti za viatu, mama anaitoa akichambua mchele wa pilau, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo anaitoa akipanga kreti za soda: "Krismasi ni ya watoto bwana, sisi wakubwa tunawasindikiza tu." Hakuna anayeipinga, maana nani atasimama hadharani kupinga furaha ya watoto? Inasikika kama upendo. Mimi naiona ni barua ya kujiuzulu ambayo Wakristo wazima huiandika upya kila mwaka, na Kanisa huipokea bila kuuliza swali hata moja.

Hebu tufungue Injili zenyewe. Luka anaanza na mzee Zakaria, kuhani aliyeomba hadi akachoka kutegemea jibu, na jibu lilipokuja hakuliamini, akafungwa ulimi. Anafuata mkewe Elizabeti, aliyezeeka huku akisemwa kwa kukosa mtoto. Wanawake wa mitaa yetu wanaijua aibu hiyo kuliko mhubiri yeyote. Kisha wachungaji, watu wa zamu ya usiku. Ukitaka kuwaona leo pita katikati ya mji saa nane usiku wa mkesha: walinzi wa maduka wamejikunyata ndani ya makoti, redio ndogo sikioni, wakati wenzao wanaimba kanisani. Hekaluni tunamkuta Simeoni, aliyekuwa anangoja ruhusa ya kufa kwa amani, na Ana, mjane wa miaka 84. Mathayo naye anatuletea wataalamu wa nyota kutoka mashariki na Herode, mfalme mwenye wivu. Ukiwatoa Yesu mwenyewe na Yohane aliyemtangulia, watoto wengine wanaotajwa katika habari hizo za kuzaliwa ni wale wa Bethlehemu, wa miaka miwili kushuka chini. Nao wanauawa.

Chukua habari ya Yosefu, ambayo katika maigizo yetu hupewa dakika moja na kanzu iliyoazimwa. Amechumbia, mchumba ana mimba, na mimba si yake. Sheria iko upande wake. Anaamua kumwacha kimyakimya asimwaibishe. Kisha, baada ya ndoto, anabadili uamuzi na kumchukua nyumbani. Simfananishi Bikira Maria na mtu yeyote, nawafananisha wanaomtazama. Msichana mwenye mimba akisimama mbele ya baba mwenye nyumba, au mwalimu mkuu, au mzee wa kanisa, huyo mkubwa anashika nini kwanza, kanuni au mkono wake? Tanzania kwa miaka mingi tulijibu kwa kumfukuza shule. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Majilio ya mwaka ule yalianza siku nne tu baadaye. Nilitegemea kusikia walau hubiri moja likiyakutanisha mambo hayo mawili. Nilichosikia ni tangazo la mazoezi ya igizo la watoto.

Majilio yenyewe ndiyo tumeyaharibu zaidi, tukayafanya kipindi cha kuhesabu siku zilizobaki mtoto azaliwe, kana kwamba hajazaliwa bado. Sikiliza masomo. Dominika ya kwanza, mwaka wowote kati ya mitatu ya liturujia, Injili haigusi hori wala ng'ombe. Inazungumzia mwisho: mwaka huu mwizi anayevunja nyumba, mwaka ule mwenye nyumba anayerudi saa isiyojulikana, mwaka mwingine mbingu zinazotikisika. Dominika ya pili na ya tatu ni za Yohane Mbatizaji, mtu ambaye sidhani kama kuna kamati ya sherehe ingemwalika. Katika Mwaka C watoza ushuru wanamwuliza wafanye nini, naye anawaambia wasitoze zaidi ya kilichopangwa. Askari wanauliza hivyo hivyo, anawaambia wasimnyang'anye mtu, waridhike na mishahara yao. Lisome hilo polepole katika parokia yenye maofisa wa kodi na askari wa barabarani, tena mwezi ambao mabasi ya Moshi na Bukoba yamejaa hadi mlangoni na kila kizuizi njiani kinaomba "ya sikukuu". Kisha uniambie kama somo lile liliwekwa pale kwa ajili ya watoto wa Utoto Mtakatifu.

Waliopanga kalenda ya Kanisa hawakuwa na haraka ya kutufumba macho. Siku moja baada ya Noeli wakamweka Stefano, aliyepigwa mawe hadi kufa. Tarehe 28 wakawaweka Watoto Mashahidi, wale wa Bethlehemu. Tarehe 29 ikaja kuwa ya Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa kwa upanga ndani ya kanisa lake la Canterbury mwaka 1170 kwa sababu alibishana na mfalme. Hori limezungukwa na damu pande zote, kwa makusudi. Sisi siku hizo tuko Coco Beach. (Sina ugomvi na Coco Beach, mihogo yake naipenda.) Ila padri anayesoma habari za Stefano tarehe 26 anawasomea masista, mabibi wawili na mabenchi.

Wapo watakaosema: mbona pango la Noeli ni la watoto? Siyo. Fransisko wa Asizi alipoandaa lile la Greccio mwaka 1223 aliagiza hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, akawakusanya watu wazima wa kijiji usiku, na mienge mikononi. Nia yake ilikuwa kuona kwa macho ya nyama taabu aliyozaliwa nayo Bwana, kule kukosa hata mahali pa kulala. Leo tunalizungushia taa za rangi zinazowaka na kuzima, na tukishalipiga picha tumemaliza.

Hii dhana ya sikukuu ya watoto haikutoka kwa mitume, wala si ya kale. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, katika miji kama London na New York, Krismasi ilikuwa ya wakubwa, tena ya fujo: vijana wa kazi walizunguka usiku wakigonga milango ya matajiri na kudai kinywaji. Wapuritani wa Massachusetts walikuwa wameshaipiga marufuku mwaka 1659, faini shilingi tano, wakaiachia mwaka 1681. Ni tabaka la wenye nyumba nzuri lililoivuta sikukuu kutoka barabarani, likaifungia sebuleni pamoja na watoto. Shairi la Mtakatifu Nikolasi mwenye zawadi lilichapishwa gazetini huko Troy, New York, mwaka 1823. Picha ya Malkia Victoria na familia yake kando ya mti ilitoka katika Illustrated London News mwaka 1848, miaka minne baada ya mmisionari Krapf kufika Mombasa. Imani ilitufikia karne ile ile, na sebule ya Kizungu ikaja nayo kwenye sanduku moja.

Lakini haikuwa sebule peke yake. Juni 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana likawekwa Mkunazini, hapo hapo palipokuwa soko. Waliosimama pale walijua kwamba kuzaliwa kwa Kristo kunahusu mtu kuuzwa na mtu kununuliwa. Wakatafuta kiwanja kinacholingana na jambo lenyewe.

Nitaambiwa kwamba Bwana mwenyewe alisema tuwe kama watoto. Alisema, lakini aliwaambia nani? Wanaume wazima waliokuwa wanabishana nani mkubwa kati yao. Na nitaambiwa nawaonea watoto wivu. Hapana. Wapeni nguo, wapeni pilau, waacheni wakimbizane uani hadi usiku. Ila tazameni kauli yetu inavyomfanya mzazi maskini. Sikukuu ikishakuwa ya watoto, asiyemudu gauni jipya anakuwa ameshindwa Krismasi yenyewe. Ndiyo maana anakopa, na Januari shule zikifunguliwa anadaiwa sare na madaftari huku bado analipa deni la viatu. Yule mwenye uwezo naye anawashusha mkewe na watoto mlangoni pa kanisa, anageuza gari kuelekea baa, kwa dhamiri nyeupe kabisa. Si sikukuu ni ya watoto?

Kwa hiyo nina pendekezo kwa halmashauri za walei, na silitoi kwa utani. Igizo la mkesha mwaka huu waigize wazee. Watoto wakae mbele, watazame, wacheke. Mhasibu wa parokia awe mtoza ushuru anayemwuliza Yohane afanye nini, na jibu alipokee kwa sauti mbele ya waumini wote. Yosefu awe baba mwenye binti aliyeko sekondari. Wachungaji tuwaombe walinzi wa geti, ambao kwa kawaida tunawapitishia sahani ya pilau dirishani. Zakaria awe mwenyekiti wa halmashauri, akae bubu mpaka Yohane azaliwe, na kikao cha bajeti kipangwe ndani ya muda huo. Herode ndiye atakayetupa taabu: kwa jinsi ninavyoijua parokia yetu, watajitokeza wengi kuisimamia nafasi hiyo, lakini hakuna atakayekubali kuiigiza.