Kanisa ndani ya jiwe la volkano



Wiki hii safu yetu ya safari inakwenda Lalibela, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Ethiopia. Tumeuchagua kwa sababu watu wa huko walifanya na jiwe la volkano kitu ambacho sisi wa Keshero, tunaolala na kupika juu ya jiwe la namna hiyo kila siku, hatukukidhania.

Jiwe tunalijua. Anayechimbisha shimo la choo hapa kwetu analijua: kibarua anapiga tangu asubuhi, na jioni shimo halijafika magotini. Mama anayevunja kokoto kando ya barabara ya Sake analijua kwa mikono iliyovimba na kwa vipande vinavyoruka machoni. Anayetaka lengalenga nyuma ya nyumba analijua pia, maana udongo anauleta kwa mifuko. Kwetu jiwe ni kazi, na mara nyingine ni msiba.

Sasa tazameni Lalibela. Mji uko mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na jiwe lake lilitoka volkano kama letu, ila ni la zamani sana, lina rangi nyekundu na ni laini zaidi. Ndani ya jiwe hilo mna makanisa 11. Hayakujengwa, yalichongwa. Wenyeji wanasema ni kazi ya mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Zamani mji uliitwa Roha, baadaye ukachukua jina lake. UNESCO iliyaandika makanisa hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya Hifadhi yetu ya Virunga.

Kazi ilikwenda hivi. Mafundi walianza juu, kwenye jiwe tambarare. Walichimba mfereji mpana na wenye kina kuzunguka pande zote, hadi katikati likabaki pande kubwa la jiwe limesimama peke yake. Hapo wakalichonga: kwanza paa, kisha madirisha, kisha milango, huku wakishuka. Mwishowe wakaingia ndani na kutoa jiwe kidogo kidogo, wakiacha nguzo na matao mahali pake. Hakuna simenti, hakuna tofali. Anayejenga kwa matofali akikosea anabomoa na kuanza tena. Anayechonga jiwe akikata nguzo hawezi kuirudisha. Ilibidi wajue mwisho wa kazi kabla ya pigo la kwanza.

Wakafikiria na mvua pia. Mifereji ilikatwa ili maji yatoke, maana kanisa lililo shimoni lingegeuka kisima. Sisi ambao maji ya mvua yanatuingilia uwanjani tunajua maana ya kazi hiyo.

Kanisa kubwa kuliko yote ni Bete Medhane Alem, maana yake Nyumba ya Mwokozi wa Ulimwengu. Lina urefu wa mita 33 hivi. Linalojulikana zaidi ni Bete Giyorgis, la Mtakatifu Georgi, lililochongwa kwa umbo la msalaba. Ukiwa mbali hulioni. Unatembea juu ya jiwe, halafu ghafla uko ukingoni mwa shimo, na paa la kanisa liko sawa na miguu yako. Padri Mreno, Francisco Álvares, aliyafikia makanisa hayo katika miaka ya 1520. Aliandika aliyoyaona, lakini akaogopa kwamba kwao hawatamsadiki.

Kuna moja tunalotaka wamama mlikumbuke: Bete Abba Libanos. Mapokeo yanasema lilichongwa kwa amri ya Masqal Kibra, mke wa mfalme, kwa ukumbusho wa mumewe. Inasimuliwa pia kwamba malaika walimsaidia usiku, wakati mafundi wamelala. Kila mtu asadiki anavyoona. Sisi tunashika hili: kati ya kazi zote hizo za wafalme, watu wa Lalibela wamehifadhi pia jina la mjane.

Anayetembelea avue viatu mlangoni. Ndani mna giza, moshi wa ubani, zulia chini, na mapadri wenye vitabu vya ngozi. Si nyumba ya makumbusho. Watu wanasali humo mpaka leo, kwa ngoma na nyimbo. Noeli ya Waethiopia ni tarehe 7 Januari, na siku hizo mahujaji wanafurika, wengine wametembea kwa miguu siku nyingi, wamevaa shuka nyeupe.

Si Lalibela peke yake. Walio na ndugu waliokwenda India kwa matibabu au masomo wanaweza kusikia habari kama hizi. Kusini mwa Chennai, kando ya bahari, uko mji wa Mahabalipuram, ambako wafalme wa Pallava walichongesha mahekalu ya Wahindu katika jiwe gumu la matale, karne ya 7. Mengine yaliachwa bila kumalizika, na alama za patasi zinaonekana hata leo. Huko Ellora, magharibi mwa India, liko hekalu la Kailasa, lililochongwa karne ya 8 kutoka juu kwenda chini, karne nyingi kabla ya Lalibela, nalo katika jiwe la volkano. Imani ni tofauti, ila mkono wa fundi ni ule ule.

Turudi nyumbani kidogo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Magofu yake yalibaki pale miaka mingi. Kule Lalibela watu waliingia ndani ya jiwe wakatoa kanisa. Kwetu jiwe liliingia lenyewe ndani ya kanisa. Lakini Wakristo hawakutawanyika. Walisali penye nafasi, na watu wa mji walichukua lava ile ile, baada ya kupoa, wakajengea misingi na kuta za nyumba zao. Hatuna haja ya kuwaonea wivu Waethiopia kwa ustadi wa jiwe. Nasi tunao wetu.

Kuna na jambo jingine linalotuunganisha nao, nalo ni chungu. Lalibela inaishi kwa wageni: mwenye nyumba ya kulala, kijana wa kuongoza watalii, mama anayeuza kahawa na mkate. Mwaka 2020 korona ilifunga njia. Agosti 2021 vita vya Tigray vilifika mjini. Hadi Desemba mji ulitekwa, ukakombolewa, ukatekwa tena, ukakombolewa tena. Novemba 2023 mapigano yalirudi, safari hii kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano. Makanisa yalisimama. Walioanguka ni watu wa soko. Nani kati yetu haelewi? Vijana waliokuwa wakipandisha wageni Nyiragongo na kubeba mizigo yao wanaelewa vizuri.

Hata hivyo Januari 2022, majuma machache baada ya vita kutoka mjini, mahujaji walirudi Lalibela kwa Noeli. Hawakungoja mgeni mwenye dola. Tena mwaka 2018 wakaaji waliandamana kudai makanisa yatunzwe, na kulalamikia mapaa makubwa ya chuma yaliyowekwa juu ya baadhi yake mwaka 2008 kuzuia mvua. Waliogopa mapaa hayo yataanguka na kuvunja walichoachiwa na mababu. Mahali panatunzwa na wale wanaopatumia kila siku, na wanaothubutu kusema.

Kwa wengi wetu safari ya Lalibela ni ndoto ya mbali, na hatutamwambia mama atoe feza ya likelemba au ya shule kwa ajili ya tiketi ya ndege. Lakini kutembelea kunaanza karibu. Jumapili moja baada ya misa au ibada, pita na watoto mahali lava ya 2002 ilipopita. Waonyeshe ilipofika, na nini kilikuwa hapo kabla. Aliyekuwa mtu mzima siku ile asimulie. Waliozaliwa baadaye wanajua la 22 Mei 2021 tu, na wengi wanalijua kwa kukimbia, si kwa kuelewa.

Na hapa neno la ulinzi, maana mtoto akisikia habari za makanisa ndani ya jiwe atataka kuingia kila pango. Huku magharibi mwa mji, kwetu Keshero na kuelekea Mugunga, kuna mazuku. Ni hewa inayotoka chini, haionekani, nzito kuliko hewa ya kawaida, na inalala kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi asubuhi na jioni wakati hakuna upepo. Mtoto ni mfupi, inamfikia kabla ya mkubwa. Ukiona ndege au mnyama mdogo amekufa shimoni, usishuke, wala usimtume mtoto kumtoa. Na mtu akianguka humo, usimrukie peke yako: waliokufa kwa kuokoa wenzao ni wengi. Waambieni watoto leo, kabla hawajalala.

Mwenye picha au hadithi ya Goma ya kabla ya 2002 ailete kwenye mkutano wetu wa juma. Tutaziandika moja moja katika safu hii, ili wajukuu wetu nao wajue jiwe hili lilipita wapi, na sisi tulifanya nini nalo.