Lete Zana Kwenye Faili, Usipeleke Faili kwa Zana

Watu huomba taarifa ya miamala kwa sababu nyingi. Sacco inataka ya miezi sita kabla ya kutoa mkopo. Mweka hazina wa chama anataka kujua nani amechanga na nani bado. Mwenye duka anataka kuona kama mwezi huu alipata faida ama alikuwa anazungusha pesa tu. Taarifa inafika kwa barua pepe ikiwa PDF iliyofungwa kwa neno la siri. Kuisoma unaweza. Kuijumlisha, hapo ndipo shida huanza, kwa sababu PDF ni kama karatasi: unaiangalia, lakini haikufanyii hesabu.

Basi mtu anatafuta mtandaoni tovuti ya kubadilisha PDF kuwa Excel bure. Anabonyeza ya kwanza inayotokea, anapakia faili, akiulizwa neno la siri analiandika, na dakika moja baadaye ana Excel yake. Kazi kwisha, si ndiyo?

Sisi tunaona hiyo dakika moja ni ghali kuliko inavyoonekana. Zana za kufanya kazi hiyo hiyo bila faili kutoka kwenye kompyuta yako zipo, na nyingine ni za bure kabisa. Ukiharibikiwa na bomba, unamwita fundi aje nyumbani. Humbebei nyumba nzima umpelekee.

Taarifa ya miamala si yako peke yako

Fungua taarifa yako ya mwezi jana na uisome kama mtu asiyekujua. Mshahara unaingia tarehe ngapi. Kodi ya nyumba ni ngapi na inaenda kwa nani. Watoto wanasoma shule gani. Ulienda hospitali lini. Unatoa sadaka wapi, na kama unabeti, unabeti kiasi gani. Kuna majina na nambari za watu uliowatumia pesa: mama yako kijijini, fundi wa pikipiki, rafiki uliyemkopesha. Hao wote hawajakupa ruhusa ya kupeleka majina yao popote.

Kwa mweka hazina wa chama ni zaidi. Chama kikiwa na watu 30, kupakia taarifa yake kwenye tovuti usiyoijua ni kutoa siri za watu 30 kwa mara moja.

Na siri hizo zina kazi kwa mlaghai. Anayepiga simu na kusema tu "umeshinda zawadi" wengi wanamkata. Lakini je, anayesema "jana saa kumi ulilipa shilingi 3,450 kwenye duka fulani, muamala umekwama, nipe nambari yako ya siri tuurekebishe"? Huyo anasikika kama mtu wa ofisini. Habari kama hizo ziko kwenye taarifa yako, mstari kwa mstari.

Hata walinda usalama wameliona jambo hili. Mwezi Machi 2025, ofisi ya FBI ya mjini Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu tovuti za bure za kubadilisha faili. Ilisema baadhi yake zinafanya kweli kazi zilizoahidi, lakini faili unayorudishiwa inaweza kuwa na programu hasidi ndani, na ile uliyopakia inaweza kuchunguzwa ili kutoa habari zako za siri.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumiwa kwa kazi gani, na ukionewa unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ni haki nzuri. Lakini utamshtaki nani kama tovuti haina jina la kampuni, haina anwani, na hujui hata iko nchi gani?

Tuseme ukweli wote: si kila tovuti ya kubadilisha faili ni mbaya. Kuna zinazojulikana, zenye kampuni nyuma yake, ambazo huahidi kufuta faili baada ya saa moja au mbili. Kwa kadi ya mwaliko wa harusi au menyu ya hoteli yako, zitumie bila wasiwasi. Kwa taarifa ya pesa, ahadi peke yake haitoshi wakati njia nyingine ipo.

Zana zenyewe

Tunaanza na lahajedwali, yaani kurasa za safu na mistari kama Excel. Kama huna Excel ya kulipia, pakua LibreOffice kutoka tovuti yake rasmi. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na lahajedwali yake inaitwa Calc. Inafungua na kuhifadhi faili za Excel, kwa hivyo mhasibu wako hatakusumbua.

Ya pili ni ya kutoa jedwali kwenye PDF. Inaitwa Tabula, nayo pia ni ya bure. Ilitengenezwa kuwasaidia wanahabari waliokuwa wakipewa ripoti za PDF na hawawezi kujumlisha takwimu zilizomo. Ukiiwasha inafunguka ndani ya kivinjari kama tovuti, lakini kila kitu kinafanyika ndani ya kompyuta yako. Unachora kisanduku kuzunguka jedwali, unahifadhi kama CSV, kisha unaifungua kwa Calc au Excel. Haisomi karatasi iliyopigwa picha. Inataka PDF yenye maandishi halisi, kama ile unayopokea kwa barua pepe. Wenye Excel mpya ya Windows, ya Microsoft 365, wana njia ya mkato: menyu ya Data, halafu Get Data, From File, From PDF.

Zana nyingi hukwama kwenye PDF yenye neno la siri. Ifungue kwanza kwa kivinjari cha Chrome, andika neno la siri, kisha chagua kuchapisha, lakini badala ya printa chagua kuhifadhi kama PDF. Mara nyingi utapata nakala isiyo na kufuli. Kumbuka nakala hiyo iko uchi: ukimaliza kazi ifute, halafu toa pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Na lahajedwali yako ifunge kwa neno la siri unapoihifadhi. Calc na Excel zote zinaruhusu.

Neno la siri lenyewe lisiandikwe nyuma ya daftari la duka. KeePassXC ni programu ya bure inayohifadhi maneno ya siri kwenye faili moja iliyofungwa, hapo hapo kwenye kompyuta yako. Wewe unakumbuka neno moja tu, yeye anakumbuka mengine yote. Lakini PIN ya akaunti yako ya pesa ibaki kichwani.

Hesabu moja inayolipa kazi yote

Mbona ujisumbue hivi? Kwa sababu ukishapata taarifa kwenye lahajedwali, unaanza kuona vitu ambavyo SMS moja moja haziwezi kukuonyesha.

Chukua ada. Tuseme unatoa pesa kwa wakala mara 4 kwa wiki, na kila mara unakatwa shilingi 29. Kwa siku huoni kitu. Kwa wiki ni 116. Kwa mwaka ni 6,032. Mtu huyo huyo akitoa mara moja kwa wiki kiasi kikubwa kidogo, au akilipa duka moja kwa moja bila kutoa pesa taslimu, anaweza kubaki na sehemu nzuri ya pesa hiyo. Ndiyo, ni sisi kampuni ya malipo tunakwambia hivyo. Mteja anayejua anacholipia ndiye anayekaa.

Kupata jumla ni fomula moja. Ikiwa maelezo yako kwenye safu ya B na pesa zinazotoka ziko kwenye safu ya D, na ada zimeandikwa kwa neno "charge", andika hivi kwenye kisanduku kitupu:

=SUMIF(B:B,"*charge*",D:D)

Badilisha neno lililo katikati uweke jina la mwenye nyumba, duka la jumla au shule, nayo itakupa jumla ya kila mmoja.

Ikikuletea sifuri, usikate tamaa. Kwanza angalia kama nambari zimeingia kama maandishi: zikilala upande wa kushoto wa kisanduku, kompyuta haizioni kama pesa. Pili angalia tarehe. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani itasoma 05/06 kuwa tarehe 6 Mei badala ya 5 Juni, na hesabu zako za mwezi zitachanganyikana.

Kwa wenye simu tu, na wa saiba

Wengi wenu hamna kompyuta, tunajua. Kwenye simu, Google Sheets inafanya kazi nzuri. Faili itakaa kwenye mitambo ya Google, si kwenye simu pekee, lakini angalau iko kwenye akaunti yako na wewe ndiwe unayeamua nani aione. Hapo kwa kuamua ndipo vyama huanguka: usichague kila mwenye kiungo aweze kufungua. Kiungo kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, hujui kitaishia wapi. Ongeza wanachama kwa barua pepe zao, wape ruhusa ya kuangalia tu. Bora zaidi, tengeneza jedwali fupi la majina na michango, taarifa kamili ibaki kwako.

Kuna pia apu zinazoomba kusoma SMS zako ili zikuhesabie matumizi. Fikiria mara mbili. Apu inayosoma ujumbe wa malipo inasoma pia nambari za uthibitisho za benki na barua pepe. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya apu na ruhusa, uone ni zipi zina ruhusa ya SMS. Usiyoitambua, iondolee.

Ukiwa saiba, hatari kubwa iko kwenye sentensi moja tuliyoizoea: "Tuma kwa hii email nikuchapishie." Ukituma, taarifa yako inabaki kwenye barua pepe ya mtu mwingine, pamoja na za waliokutangulia na watakaokufuata. Omba mashine, fungua dirisha la faragha la kivinjari, ingia barua pepe yako mwenyewe, andika neno la siri kwa mkono wako, chapisha, toka. Kabla ya kuinuka angalia folda ya Downloads ufute ulichopakua. Kama ulitumia WhatsApp ya kompyuta, hakikisha kwenye simu yako kwamba kifaa hicho kimeondolewa. Mhudumu mzuri hatakasirika. Hata yeye hataki kushikilia siri za watu.

Jaribio la kuzima intaneti

Zana mpya hutoka kila wiki, na hatuwezi kuzitaja zote. Kwa hivyo shika jaribio hili. Fungua ukurasa wa zana hiyo hadi uishe kupakia, kisha zima Wi-Fi au data. Ijaribu kwanza kwa faili isiyo na siri yoyote. Ikifanya kazi bila intaneti, ni dalili nzuri kwamba kazi inafanyika ndani ya kifaa chako. Ukishatumia, funga ukurasa kabla ya kuwasha intaneti tena. Ikigoma hadi uwashe data, basi huenda faili yako inasafiri, na unapaswa kuuliza inakwenda kwa nani.

Wajibu huu hauwezi kuwa wa mteja peke yake. Msimamo wetu ni kwamba kampuni yoyote inayoshika pesa za watu inapaswa kutoa taarifa kwa njia mbili: PDF iliyofungwa ya kupeleka benki au sacco, na CSV ya mteja kujifanyia hesabu. Mteja akipewa CSV moja kwa moja, hana haja ya kutafuta tovuti ya kubadilisha chochote. Popote unapoweka pesa zako, uliza kama CSV ipo. Kama haipo, idai. Swali hilo likiulizwa na wengi, husikika.

Kwa sasa anza na kitu kimoja wiki hii. Ingia kwenye folda ya Downloads ya simu au kompyuta yako, tafuta kila taarifa ya miamala iliyolala humo, baki na unazohitaji, nyingine ufute. Kama wewe ni mweka hazina wa chama, fanya hivyo leo.