Anayeimba kwa Hisia Naye Anahitaji Pumzi

Kijana anayejiunga na kwaya Mbinga hupokewa na ushauri wa aina mbili, na wote hutolewa kwa nia njema. Mwenzake wa benchi humnong'oneza: "Wewe imba kwa moyo tu, hayo ya pumzi na nota yatakuharibu." Mwalimu wa kwaya naye husema: "Shika nota zako kwanza, hisia zitakuja zenyewe." Maneno haya yanasikika mjini Mbinga, yanasikika Mbamba Bay na Liuli, kanisani na kwenye vikundi vya vijana wa bongofleva. Yamerudiwa hadi wanaoanza wanayachukua kama amri. Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na kosa hilo linatupotezea waimbaji wazuri kabla hawajakomaa. Nitayajibu madai yenyewe kama yanavyosemwa.

"Mwenye hisia za kweli hahitaji mbinu."

Tuanze na mwili, maana ndio unaoimba. Sauti hutoka pale hewa ya mapafu inapopita kati ya nyuzi mbili za sauti zilizo ndani ya zoloto na kuzitetemesha. Mwanamume anapozungumza kwa kawaida, nyuzi zake hutetemeka mara 100 na kitu kwa sekunde. Za mwanamke hukaribia mara 200. Sasa uchungu ukikushika, misuli ya koo hukaza. Ndilo lile donge ambalo kila aliyewahi kufiwa analijua. Pumzi hukatika, sauti hupanda bila kupandishwa, maneno humezwa. Mtu anayelia kwelikweli hawezi kumaliza ubeti, na wala si kwa sababu amekosa hisia.

Mwangalie mama anayeongoza nyimbo kwenye mkesha wa msiba. Naye amefiwa, pengine kuliko wote waliokaa kwenye mikeka. Ila ndiye anayeanzisha na wenzake wanapokea, wimbo baada ya wimbo, hadi kunapambazuka. Anaanzia chini ili wazee na watoto waifikie sauti. Anavuta pumzi mwisho wa neno, hakati katikati. Akiona koo linakaza, anamwachia dada yake ubeti mmoja, kisha anarudi. Uchungu wake unatufikia sisi tuliokaa nje kwa sababu anaimudu sauti inayoubeba. Asingeimudu, tungesikia kilio tu, nacho tungekihurumia, lakini tusingefarijika.

"Mbinu ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu waliimba tu."

Dai hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linawadharau wazee huku likijifanya kuwatetea.

Chukua mganda, ngoma ya wanaume inayochezwa Umatengo na kando ya Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa Malawi. Asili yake inahusishwa na beni, ngoma iliyoanzia pwani na kusambaa bara na askari wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ndiyo maana wachezaji hujipanga kama kikosi na kuvishana vyeo vya kijeshi. Watu wengi huangalia miguu. Ningependa kijana anayeanza kuimba aangalie malipenga.

Lipenga ni kibuyu kilichokaushwa. Kina tundu la kuimbia, na kina tundu dogo lililofunikwa kwa utando mweupe, ule mgumu ambao buibui hufunikia mayai yake. Ukilipuliza kama tarumbeta halitoi kitu. Lazima uimbe ndani yake, na utando ule utetemeke pamoja na sauti yako, ndipo litoke lile vumo linalosikika mbali. Ukibana koo, linakwama. Ukitoa hewa nyingi na sauti kidogo, unasikika upepo mtupu. Vibuyu vidogo hubeba sauti za juu na vikubwa hubeba zile nzito, na kila mmoja hushika njia yake huku miguu ikiendelea kucheza na ngoma ikimhimiza. Nani atasema watu hao waliimba tu? Walichagua kibuyu, wakatafuta utando, wakafanya mazoezi jioni baada ya jioni, na kikundi kilichozembea kiliaibika mbele ya kijiji cha jirani. Kioda, ngoma ya wanawake, nayo ina nidhamu yake: mwanzishaji akitoa mstari, wapokeaji wanaingia pamoja kama mtu mmoja. Muingio huo haupatikani bila kufundishwa.

Hata kanisani, ambako ndiko madai ya "mbinu ya kizungu" yalikozaliwa, wenyeji walishaliona jambo hili zamani. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na wakaja na uimbaji wa Kigregori kwa Kilatini. Mwaka 1963 padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia iliyotaka muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Muziki wetu una kanuni zake, na kanuni zake zinafundishika. Kijana wa Jimbo la Mbinga anayesema hana haja ya mbinu kwa kuwa yeye ni Mwafrika anaikataa shule ya nyumbani kwao.

"Kuimba ni kipaji. Unacho au huna."

Kipaji kipo, sikatai. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, na husimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kutokana na alivyokuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Lakini sauti ya kutembezea vyungu haikumfikisha Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Katikati kuna miaka ya kukaa na wanamuziki wa mjini, kujifunza njia za taarabu na kutamka maneno ya lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, alimtukuza kwa jitihada yake kama kwa sauti yake. Kipaji kilimfungulia mlango; kazi ndiyo iliyomwingiza ndani.

"Mbona Bi Kidude alivuta sigara na akaimba hadi uzeeni?"

Aliimba, ndiyo, na alipofariki Aprili 2013 alikuwa mwimbaji maarufu kuliko wote Zanzibar. Lakini mwili wa mtu mmoja si kanuni. Halafu wanaomtaja husahau kwamba tangu utotoni alikaa akimsikiliza Siti, na kwamba aliimba na kupiga ngoma za unyago maisha yake yote. Hiyo ndiyo siri iliyo wazi. Moshi hukausha koo la mwimbaji kama unavyokausha la mtu mwingine yeyote.

"Anayeimba kwa nguvu ndiye anayeimba kwa hisia."

Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibikiwa, hasa tangu kila kwaya ianze kuwania kutoa video. Spika zimewashwa, kinanda kimefunguliwa hadi mwisho, na mwimbaji wa mbele anaamini kwamba asipopasua koo hatasikika. Kipaza sauti kimewekwa ili asipige kelele. Yeye anapigia kelele kipaza sauti. Jumapili jioni sauti imekauka. Jumatano anafanya mazoezi juu ya ukavu uleule. Mwezi ukiisha sauti za juu zimetoweka, na watu wanasema amebalehe au amerogwa. Nyuzi za sauti zinapogongana kwa nguvu kila siku huota vinundu, kama kiganja kinavyoota sugu kwa mpini wa jembe. Sauti ikikauka kwa zaidi ya wiki 3, mdogo wangu, nenda hospitali, usingoje sikukuu ipite.

Na hisia hazikai kwenye ukubwa wa sauti. Mstari mmoja ulioimbwa polepole baada ya mistari mitatu ya nguvu hunyamazisha kanisa zima. Ila kuimba polepole bila sauti kuanguka ni kugumu kuliko kupaza. Kunadai pumzi ishikwe kwa mbavu na kiwambo, itoke kidogokidogo. Anayejua kupaza tu hana uchaguzi. Furaha ya Pasaka na majonzi ya Ijumaa Kuu vitasikika sawasawa kinywani mwake.

"Kunywa mayai mabichi."

Chakula hupita kwenye umio, hewa hupita kwenye koromeo la hewa. Yai, asali na tangawizi havigusi nyuzi za sauti hata kidogo. Chai ya tangawizi huliwaza koo, inywe ukipenda. Kinachosaidia ni maji ya kutosha siku nzima, usingizi, na kunyamaza. Kwaya zinazoshuka kutoka nyanda za Umatengo, zinazopita meta 1,500 katika baadhi ya sehemu na zenye baridi kali mwezi Juni na Julai, hadi ufukweni ambako ziwa liko chini ya meta 500 na jua ni kali, zinaijua mwilini tofauti ya baridi na joto. Asubuhi ya baridi jipashe moto kwa kuguna "mmm" dakika chache kabla ya kugusa sauti ya juu.

"Shika nota kwanza, hisia zitakuja baadaye."

Sasa zamu ya walimu wenzangu. Dai hili lina heshima zaidi, na linatuponza vilevile. Kwaya hufundishwa sol-fa wiki nne, sauti ya kwanza hadi ya nne, bila mtu kuuliza wimbo unasema nini. Maneno huwekwa juu ya nota siku mbili kabla ya kuimba. Kisha tunashangaa kwaya imesimama kama nguzo za umeme, na mwalimu anaagiza watabasamu. Hisia hazikuja baadaye kwa sababu zilifungiwa nje tangu siku ya kwanza.

Nijaribu kuonyesha kwa sentensi ya kawaida: "Mama amekwenda ziwani na hajarudi." Iseme kwanza bila kuiimba. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: si ziwa-NI, ni zi-WA-ni, ni haja-RU-di. Mtunzi akiweka nota ya juu kabisa kwenye "-di", mwimbaji lazima ajue kuipunguza, la sivyo huzuni inageuka ukelele. Sasa pumzi. Anayeanza huishiwa baada ya "haja", huvuta hewa, kisha humalizia "rudi". Msikilizaji amesikia haja, na amesikia mtu akiambiwa arudi. Mama amepotea mara mbili. Vuta pumzi baada ya "ziwani". Kimya kile kifupi kabla ya "na hajarudi" ndicho kinachomfanya mtu wa Mbamba Bay, anayejua mawimbi ya ziwa lile, ashtuke moyoni kabla hujafika mwisho.

Je, pumzi ile ilikuwa mbinu au hisia? Uliiweka pale kwa sababu umeelewa maneno, na umeweza kuiweka pale kwa sababu umefanya mazoezi ya mbavu. Anayeanza ana haki ya kufundishwa vyote viwili jioni ileile, juu ya mstari uleule.

Basi walimu wa kwaya wa Mbinga na Nyasa, nawaombeni jambo moja dogo kwenye mazoezi yajayo. Kabla ya kuandika sol-fa ubaoni, mpeni mgeni wa kwaya ausome ubeti kwa sauti mbele ya wenzake, mwulizeni nani anamwambia nani nini, kisha wekeni alama za pumzi pamoja naye. Dakika 10 zinatosha.