Ya waya au ya betri? Fikiria pumzi ya msafishaji

Msomaji unayeajiri wasafishaji wa ofisi au hoteli mjini Kitale, usinunue mashine ya betri ya kufyonza vumbi kwa sababu tu haina waya. Nyingi, zikivuta kwa nguvu zote, huzimika kabla ya saa moja, na vyumba vilivyobaki humaliziwa kwa ufagio mkavu. Vumbi la kiangazi hupanda hewani, mwenye pumu akakesha akikohoa. Nunua ya waya. Umeme ukipotea, heri kitambaa chenye maji. Lakini anayesafisha matatu Bungoma, mahali palipolowa, mpe ya betri, maana waya hapo ni hatari. Kabla ya kulipa, uliza kuhusu chujio. Likiwa bovu, vumbi laini humrudia msafishaji puani. Naye avae barakoa akimwaga taka hizo, tena nje, si jikoni.