Wekundu Usioonekana: Kuutambua Ukurutu katika Ngozi Nyeusi

Wakati wa kiangazi hewa ya Didia, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Shinyanga, huwa kavu na yenye vumbi. Ngozi za watu hupauka, na aghalabu mafuta kidogo ya kujipaka hutosha kuzirudisha katika hali yake. Lakini katika darasa lenye wanafunzi wengi yumkini wapo wachache ambao mafuta hayo hayawatoshi. Hujikuna viwiko chini ya dawati, hujikuna nyuma ya magoti, na asubuhi husinzia kwa kuwa usiku hawakupata usingizi. Mwalimu humdhania mwanafunzi wa namna hiyo kuwa mvivu. Wenzake humdhania kuwa mchafu, wakajitenga naye. Pande zote mbili hukosea, na chanzo cha kosa ni kimoja: hawakufundishwa dalili za ugonjwa huo kwa namna inayolingana na ngozi wanazoziona kila siku.

Ugonjwa wenyewe ni ukurutu. Wengi nchini huuita pumu ya ngozi, na jina hilo la watu, kusema kweli, lina maarifa zaidi kuliko lile la kitaalamu lenye asili ya Kigiriki, ambalo maana yake ni kuchemka na kufurika. Aina ya ukurutu inayowapata zaidi watoto hufuatana mara nyingi na pumu ya kifua au mafua ya mzio, ama kwa mgonjwa mwenyewe ama katika ukoo wake. Ngozi ya mgonjwa haihifadhi maji vizuri, wala haizuii vyema vitu vya nje visipenye. Kwa hiyo hukauka, huchokozeka upesi, na mwili hujibu kwa uvimbe na mwasho. Ugonjwa hutulia kwa muda, kisha hurudi. Hauambukizi hata kidogo: si kwa kukaa dawati moja, si kwa kushikana mikono, si kwa kutumia beseni moja.

Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huanza kuueleza ukurutu kwa kutaja mabaka mekundu. Maelezo hayo ni ya kweli kwa mwenye ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi, wekundu hufunikwa na rangi ya asili, na baka huonekana la kahawia iliyokoza, la zambarau au la kijivu kama majivu. Hasara yake si ndogo, kwani hata vipimo ambavyo madaktari huvitumia kukadiria ukali wa ugonjwa huhesabu wekundu miongoni mwa alama. Mgonjwa mweusi aliyezidiwa aweza kuandikwa kuwa hali yake ni nafuu. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisomea udaktari London, alishirikiana na walimu wake wawili kutoa kijitabu cha picha za dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi, kwa sababu katika masomo yake alikuwa akionyeshwa ngozi nyeupe tu. Ikiwa mwanafunzi wa udaktari aliona pengo hilo, mwanafunzi wa sekondari atapataje kuliziba peke yake?

Dalili ya kwanza kutafutwa, basi, iwe mwasho. Jon Hanifin na Georg Rajka, waliotoa vigezo vya ugonjwa huu mwaka 1980, waliuweka mwasho miongoni mwa alama kuu, na ngozi isiyowasha ni nadra kuwa na ukurutu. Baada ya mwasho, mkono ufanye kazi ambayo jicho limeshindwa. Ngozi iliyougua huparuza; mara nyingi ina vipele vidogo vilivyozunguka vinyweleo, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ikikunwa kwa miezi huwa nene na ngumu, na mistari yake ya asili hukolea. Mahali pa kawaida ni mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingo na vifundo vya mikono, ingawa kwa Waafrika mabaka hutokea pia upande wa nje wa mikono na miguu. Yakipona huacha alama nyeusi au nyeupe zinazokaa miezi mingi, na alama hizo ndizo mara nyingi humtia mgonjwa aibu kuliko mwasho wenyewe.

Magonjwa mawili hufananishwa na ukurutu kila mara. Upele husababishwa na kidudu cha jamii ya kupe kinachochimba ndani ya ngozi. Huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, kiunoni na makalioni, na aghalabu watu kadhaa wa nyumba moja hujikuna kwa wakati mmoja. Choa hutokana na kuvu. Baka lake huwa duara, lenye ukingo ulioinuka na magamba, na katikati yake huelekea kupona. Anayekosea hapa hukosea dawa. Dawa kali ya upele huichoma ngozi yenye ukurutu. Dawa ya kupaka yenye steroidi hutuliza ukurutu, lakini ikipakwa juu ya choa huficha dalili zake huku kuvu ikienea. Steroidi zenye nguvu huuzwa hata madukani kama vipodozi vya kung'arisha ngozi, na zikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba na yenye michirizi.

Watu wazima nao hawakusalimika. Kijana anayeondoka Didia kwenda kuosha mchanga wa dhahabu Geita, mikono yake ikilowa kutwa, au anayechanganya saruji kwa mikono mitupu, aweza kupata ukurutu wa mikono bila kuwa nao utotoni.

Yaweza kusemwa kwamba mwalimu si tabibu. Ni kweli, wala hatakiwi kutoa dawa. Lakini madaktari bingwa wa ngozi ni wachache mno nchini, na kituo cha kufundisha wataalamu wa fani hiyo kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC kiko Moshi, mbali sana na Didia. Mwalimu humwona mtoto siku tano za juma. Somo la ngozi limo katika Biolojia. Mchoro wa tabaka za ngozi ubaoni haupungukiwi na kitu ukiongezewa nusu saa ya kueleza rangi ya uvimbe katika ngozi ya wanafunzi waliomo darasani. Mwenye dalili na apelekwe zahanati, hasa vidonda vikitoa usaha au kufanya magamba ya rangi ya asali, kwani hapo vijidudu vimekwisha kuingia.

Bwenini mahitaji ni machache: maji ya uvuguvugu au baridi badala ya moto, kuoga kwa muda mfupi, sabuni laini badala ya ile ya kufulia, na mafuta mazito yasiyo na manukato yapakwe mwili ukiwa bado na unyevu. Shule nyingine huyahesabu mafuta ya kujipaka kuwa anasa. Kwa mwanafunzi huyu kopo lake liruhusiwe, na kucha zake zikatwe fupi.